Tupime Mapaa Kabla ya Kununua Paneli

TAREHE 10 Desemba, 2009, Kisiwa cha Unguja kilikatika umeme, na umeme huo haukurudi mpaka mwezi wa Machi, 2010. Mwaka mmoja na nusu kabla yake, kuanzia Mei hadi Juni, 2008, tulikwisha kaa karibu mwezi mzima katika giza. Mtu mzima yeyote wa kisiwa hiki anazikumbuka siku zile. Anakumbuka majokofu yaliyogeuka makabati ya kuwekea nguo, ndoo zilizopangwa foleni tangu alfajiri kwa sababu pampu za maji zilisimama, na moshi wa majenereta uliojaa vichochoro vya Mji Mkongwe hata watoto wakakohoa. Waliokuwa na fedha walinunua mafuta. Wasiokuwa nazo walingoja.

Wakati ule Unguja nzima ilitegemea waya mmoja uliopitishwa chini ya bahari kutoka Bara mwaka 1980. Serikali haikulala. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na Tanga, ikaondokana na utumwa wa mashine za dizeli za Wesha, na mwaka 2013 Unguja ikapata waya mpya wenye uwezo wa megawati 100. Hizo ni kazi za kujivunia, na sisi tunazisifu bila ya kusita. Lakini waya hata ukiwa mnene namna gani haumwondolei mwananchi wajibu wa kuwa na akiba yake nyumbani, kama vile bomba la maji halikuwafanya wazee wetu wafukie visima.

Ndiyo maana tunafurahi tunapoona paneli za jua zikipanda juu ya nyumba za mijini na mashamba. Hatufurahii, hata hivyo, namna zinavyonunuliwa. Mwananchi anakwenda dukani, anauliza bei ya wati moja, anachagua iliyo rahisi, anapakia kwenye gari, na fundi anazipachika popote penye nafasi. Katika nchi yenye viwanja vikubwa na mapaa mapana kosa hilo husahihishwa kwa kuongeza paneli nyingine. Hapa kwetu, ambako sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 juu ya visiwa vidogo, na ambako nyumba ya Mji Mkongwe ina paa dogo lenye tangi la maji, kamba za nguo na kivuli cha jirani, hakuna nafasi ya kusahihisha. Paa likishajaa limejaa, na paneli hukaa juu yake miaka 25.

Tunamjua mwalimu mmoja mstaafu aliyetumia sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake kununua paneli za mtumba zilizokwisha kutumika Ulaya. Bei ilikuwa nzuri kweli. Paneli zilikuwa sita, zikalijaza paa lake lote, na kwa kuwa zilikuwa za kizazi cha zamani na zimekwisha chakaa, zinamwashia taa na televisheni tu. Friji ya mkewe, ambayo ndiyo iliyokuwa shabaha ya safari yote, bado inakula umeme wa kununua. Mzee huyo angependa kuongeza paneli, lakini aziweke wapi? Juu ya mbingu?

Kwa hiyo shauri letu la kwanza kwa mwenye paa dogo ni hili: asinunue kwa bei ya wati, anunue kwa mita ya mraba. Jua kali la mchana huangusha karibu wati 1,000 katika kila mita moja ya mraba. Paneli haziwezi kuzichukua zote. Zile za zamani zenye rangi ya buluu iliyochanganyika kama barafu iliyopasuka huchukua kama wati 150 au 160 tu. Zile nyeusi za fuwele moja, zinazotengenezwa siku hizi, huchukua wati 200 hadi 220. Ziko pia paneli laini za utando, zinazokunjika kama jamvi. Nyingi ya hizo tunazoziona zikiuzwa rejareja huchukua kidogo zaidi na huharibika mapema, na mwenye paa dogo hana haja ya kupoteza wakati nazo. Paneli nyeusi huenda ikawa ghali zaidi, lakini mwenye mita chache hanunui paneli peke yake, ananunua pia nafasi inayokaliwa na paneli hiyo, na nafasi hiyo haiuzwi katika duka lolote.

Hata hivyo kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi, nalo ni umbo. Tuchukue mfano wa paa lenye sehemu iliyo wazi ya upana wa mita 2 na urefu wa mita 6 na robo, kipimo ambacho wakaazi wengi wa mjini watakiona si kigeni. Kwenye karatasi hizo ni mita za mraba 12 na nusu, na muuzaji atasema paneli nne kubwa za wati 550 zinatosha kuenea. Lakini paneli moja ya aina hiyo ina urefu wa karibu mita 2 na sentimita 28, na upana wa mita 1 na sentimita 13. Haiwezi kusimama katika upana wa mita 2 bila ya kuchomoza nje ya paa, na ikilazwa, zinaingia mbili tu. Jumla ni wati 1,100. Paneli za zamani za wati 250, zenye upana wa sentimita 99, zitaingia sita, jumla wati 1,500. Sasa chukua paneli nyeusi za wati 410, zenye urefu wa mita 1 na sentimita 72. Hizo zinasimama vizuri, zinaingia tano, na jumla yake ni wati 2,050. Paa ni lile lile, jua ni lile lile, na tofauti ni karibu mara mbili! Yule aliyechagua paneli kubwa kuliko zote dukani ndiye aliyepata umeme mdogo kuliko wote.

Katika visiwa hivi, kwa wastani wa mwaka, tunaweza kuhesabu kama saa 5 za jua kamili kwa siku. Tukiondoa robo kwa ajili ya joto, vumbi na upotevu wa njiani, paneli hizo tano zitatoa karibu uniti 7 na nusu kila siku, na zile mbili kubwa zitatoa uniti 4. Nyumba yenye taa sita za kisasa, friji ndogo iliyo nzima, pangaboi tatu, televisheni, pampu ya kupandishia maji na pasi ya nusu saa inahitaji kama uniti 4 na nusu hadi 5. Kwa hiyo tofauti tuliyoitaja siyo ya vitabuni. Ndiyo tofauti baina ya nyumba inayojitosheleza siku ya kawaida na nyumba inayozimikiwa kila inapofika saa 4 za usiku. Kiyoyozi hatukukihesabu. Kiyoyozi kimoja kikiwaka usiku kucha kinaweza kula peke yake kama wanavyokula wengine wote, na anayetaka kukiendesha kwa paa la mita 12 anajidanganya. Na friji kuukuu iliyorithiwa kwa shangazi inaweza kula mara mbili au tatu ya friji mpya. Pengine paneli ya kwanza ya kununua ni kuiaga friji hiyo.

Sasa tuzungumzie kivuli, kwa sababu hapa ndipo mafundi wetu wanapotuangusha. Vipande vya ndani ya paneli vimefungwa kwa mfuatano, umeme ukipita kutoka kimoja kwenda kingine kama maji ndani ya mpira. Ukikanyaga mpira mahali pamoja, maji yanapungua kote. Kivuli cha nguzo ya antena kikilala juu ya kipande kimoja kinaweza kuzima theluthi ya paneli nzima, na paneli hiyo ikawavuta nyuma wenzake waliofungwa pamoja nayo. Paneli mpya zilizogawanywa vipande nusu nusu hustahimili zaidi. Viko pia vifaa vidogo vinavyofungwa chini ya kila paneli ili kila moja ifanye kazi yake bila ya kumngoja mwenziwe, na kwa paa lililozungukwa na nyumba ndefu vifaa hivyo vina thamani ya bei yake. Lakini dawa iliyo bora ni kukiondoa kivuli chenyewe.

Adui mkubwa juu ya mapaa yetu ni tangi la maji. Sisi tuko nyuzi 6 kusini mwa mstari wa Ikweta, na Pemba nyuzi 5. Tangu mwanzoni mwa Machi hadi mapema mwezi wa Oktoba, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini wa utosi wetu, na mwezi wa Juni huinama nyuzi karibu 30. Tangi la kimo cha mita moja na nusu lililowekwa kaskazini mwa paneli hutupa kivuli cha karibu mita moja upande wa kusini saa 6 za mchana katika miezi hiyo, na asubuhi na alasiri kivuli huwa kirefu zaidi. Tangi hilo hilo likihamishiwa pembe ya kusini, paneli zinapumua. Kazi ya kulihamisha ni ya vijana wanne na saa mbili. Ajabu ni kwamba tumekutana na mafundi wanaofuata maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi za Ulaya, yanayosema paneli zielekezwe kusini! Huko jua liko kusini yao. Hapa kwetu paneli ielekezwe kaskazini, kwa mwinamo mdogo wa nyuzi kama 10, unaotosha kuifanya mvua ioshe uso wake. Mwenye paa la mabati la miteremko minne, kama yalivyo mengi Ng'ambo, aanze na mteremko wa kaskazini, halafu wa mashariki na magharibi. Ule wa kusini pia si haramu. Kama mteremko si mkali hasara yake ni ndogo.

Tusisahau joto na chumvi. Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli zilipimwa paneli ikiwa na joto la nyuzi 25, hali ambayo paneli zetu hazitaiona saa za mchana. Juu ya mabati ya moto paneli hufika nyuzi 60, na hapo hupoteza sehemu 12 hadi 14 katika kila 100 za nguvu zake. Kwa hiyo isibandikwe juu ya bati. Iachiwe nafasi ya kama sentimita 15, upepo wa Kaskazi na Kusi upite chini yake. Chumvi ya bahari nayo hula boti za chuma cha kawaida, khasa zinapogusana na fremu ya aluminiamu, na fremu iliyolegea siku ya Kusi kali huruka na kuua mtu. Boti ziwe za chuma kisichoshika kutu, na muuzaji aulizwe kama paneli zake zimepimwa kwa ukungu wa chumvi. Kuosha ni kwa maji baridi, asubuhi na mapema, kioo hakijapata moto. Na wakaazi wa mjini wana mtihani wao wa ziada, nao ni kunguru. Ndege hawa waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wale takataka. Kazi hiyo waliifanya kwa muda, na tangu hapo wamekuwa wakitufanyia nyingine. Kinyesi cha kunguru mmoja juu ya paneli ni kivuli kama kivuli kingine chochote, ila hiki hakihami jua likihama.

Mji Mkongwe unastahili neno lake peke yake. Mapaa ya nyumba za kale ni sakafu nzito za chokaa na mawe zilizobebwa na boriti za mikoko. Paneli ya wati 410 ina uzito wa karibu kilo 21, kwa hiyo tano si mzigo wa kutisha. La kutisha ni tundu. Fundi anayetoboa sakafu ya chokaa ili atie boti anayafungulia maji ya masika njia ya kuingia ndani ya kuta, na kuta za mawe ya matumbawe zikilowa hulegea kimya kimya. Sote tuliona tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka na kuua watu, na hatutaki mafunzo zaidi ya namna hiyo. Zitumike fremu zinazosimama kwa uzito wake zenyewe juu ya kuta za pembeni. Au, mahali panaporuhusiwa, kijengwe kichanja cha kimo cha mtu, paneli zikae juu na familia ianike nguo chini ya kivuli chake. Lakini mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na hakuna haki ya mtu mmoja kuchomoza vyuma juu ya mji mzima bila ya kuiuliza Mamlaka ya Mji Mkongwe. Kwa upande wake Mamlaka isimwache muombaji akizunguka miezi sita kwa jambo ambalo mchoro mmoja wa mfano, uliokwisha kubaliwa na kubandikwa mlangoni, ungelimaliza kwa siku moja.

Hapo tumewafikia maofisa, nao tunayo maneno yao.

Sisi tuliopita chuoni kabla ya skuli tulionywa mapema juu ya wale wanaopunja vipimo na mizani. Onyo hilo linawahusu wauza paneli kama linavyowahusu wauza mchele. Tumeziona paneli zenye ukubwa wa nusu mita ya mraba zikiwa zimebandikwa karatasi inayosema wati 200. Nusu mita ya mraba hupokea kama wati 500 za jua, na paneli nzuri hazichukui hata robo yake, yaani wati 110 au 115 ukibahatika. Hizo 85 zilizobaki zimetoka katika kinywa cha muuzaji. Kuugundua wizi huo hakuhitaji maabara. Kunahitaji utepe wa kupimia na hesabu za darasa la tano. Taasisi ya Viwango inaweza kuwapa watu wake utepe huo na kuwapeleka bandarini na madukani, na paneli zinazosema uongo zizuiliwe kabla hazijampandia mtu juu ya paa. Mnyonge hapunjwi fedha tu katika biashara hii. Anapunjwa na nafasi yake ya miaka 25.

La pili ni jua la jirani. Vibali vya kuongeza ghorofa hutazama msingi, ukuta na njia ya gari. Ni nadra mtu kuuliza ghorofa hilo litatupa kivuli juu ya paa la nani. Wakati paa lilikuwa la kukinga mvua tu, swali hilo halikuwa na uzito. Leo mwananchi aliyetumia akiba yake kuweka paneli anaweza kuamka na kukuta kuwa mwenye nacho wa ng'ambo ya kichochoro amemzimia taa kwa kibali chenye muhuri. Hatusemi mji usikue. Tunasema anayetia saini kibali apande kwanza juu ya paa la jirani akatazame, na pale ambapo madhara hayaepukiki, mwenye ghorofa amlipe mwenziwe au ampe sehemu ya paa lake jipya, ambalo bila ya shaka litakuwa na jua tele.

La tatu ni mapaa ya wote. Majengo ya Michenzani, yaliyoanza kujengwa katika zama za Mzee Karume ili mwananchi wa kawaida aishi katika nyumba ya heshima, yana mapaa marefu yaliyo wazi juani siku nzima, lakini chini ya kila paa zinakaa familia nyingi. Paa hilo likigawanywa kwa kila nyumba, kila mmoja anapata kipande cha kuwekea paneli moja au mbili, na anayewahi anachukua cha mwenziwe. Tumekwisha kusikia ugomvi wa aina hiyo. Mahali kama hapo mtu asinunue paneli peke yake hata kidogo. Wakaazi wakae na sheha wao, waunde kamati, paneli ziwekwe kwa pamoja, na kazi ya kwanza ya umeme huo iwe ni pampu ya maji na taa za ngazi, vitu ambavyo kila mmoja anavitumia na kila mmoja analalamika vikisimama. Kinachobaki ndicho kigawanywe. Chama kina matawi katika mitaa hiyo, na tunaona kazi hii inawafaa viongozi wa matawi kuliko baadhi ya semina wanazoitiwa.

Na skuli, hospitali na maghala ya Serikali, je? Paa moja la skuli ni kubwa kuliko mapaa ya nyumba ishirini za vichochoroni. Kuwahimiza wananchi wabane mita zao 12 huku mabati ya Serikali yakianikwa juani bila ya kazi hakupendezi. Paneli zikikaa huko, na Shirika la Umeme likawa na utaratibu unaoeleweka na mtu wa kawaida wa kuupokea umeme wa ziada mchana na kuurudisha usiku, mwenye paa dogo atapunguza hata ukubwa wa betri anayolazimika kununua, na betri ndiyo inayomfilisi.

Masika yakianza, hakuna fundi wa maana atakayepanda juu. Basi kila aliye na nia apande paani kwake siku moja yenye jua, na chaki na utepe. Saa 3 za asubuhi aizungushie chaki mipaka ya kila kivuli, arudie saa 6, arudie tena saa 9 za alasiri. Sehemu ambayo haikuguswa na mstari wowote ndiyo mali yake. Aipime upana na urefu, aandike, na aende nayo dukani ile karatasi mkononi, amwonyeshe muuzaji kabla hajauliza bei.